Nani Anakula Kwako? Paka wa Kibokoni na Fleti ya Kizingo

Vijana wangu, nikiwaona mkitoka kwa wakili na funguo za fleti mkononi, furaha hunijia kana kwamba funguo ni zangu. Wallahi sijazoea mpaka leo. Nilikuwa dalali wa nyumba hapa kisiwani Mombasa kwa maisha yangu yote ya kazi, na kila mlango mpya ulipofunguliwa na mwenyewe moyo wangu uliruka. Mola alinipa riziki yangu kupitia miguu na mdomo. Miguu sasa imeanza kulalamika. Mdomo, alhamdulillahi, haujambo.

Basi nautumia mdomo huo kuwaeleza jambo ambalo wengi wenu hamulifikirii mpaka mmeshatia sahihi: wanyama. Mnauliza maji, mnauliza stima, mnauliza gari litakaa wapi. Mnagonga kuta kama mafundi. Lakini hamuulizi kama paka ataingia, kama kasuku wa bibi ataruhusiwa kupiga kelele alfajiri. Msicheke. Nimeona watu wazima wakikosana kwa ajili ya kuku mmoja.

Miaka ya tisini, kwetu sisi wa Mji wa Kale, kununua fleti lilikuwa jambo geni, tena la kusisimua! Tulizoea kwamba nyumba ni yako kuanzia msingi hadi paa, na ukitaka kufuga njiwa juu ya paa hilo huombi ruhusa ya mtu. Fleti ni mambo mengine. Vyumba ni vyako, lakini ngazi ni ya wote, ua ni wa wote, na iko kamati ya wenye fleti iliyoandika masharti ambayo ukinunua umeyakubali, uwe umeyasoma au hukuyasoma.

Na hata kuyasoma hakutoshi. Nilikuwa na mteja mmoja, mtu wa bandarini, msomaji hodari. Aliyasoma masharti yote mbele yangu, akafika penye "mnyama asifugwe ndani ya jumba", akatikisa kichwa, akasema safi kabisa, yeye hana haja na mnyama. Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja nikapigiwa simu: njoo haraka, kuna mbuzi ghorofa ya tatu! Nikaenda mbio. Kweli, mbuzi beberu amefungwa kwenye roshani, ameshaifikia kamba ya nguo ya jirani na anatafuna leso.

Nikamwambia, "Bwana wee, si ulikubali hakuna mnyama?"

Akanitazama kwa mshangao wa dhati. "Athmani, huyu si wa kufugwa. Huyu ni ibada!"

Nami nilimwelewa. Moyoni mwake hakuvunja sharti lolote. Wenye kuandika sharti walikuwa na picha ya mbwa na paka, yeye alikuwa na picha ya kuchinja. Jirani alikuwa na picha ya leso yake. Tangu hapo kila mteja Mwislamu nilimuuliza mapema: mbuzi wako wa Idi atakaa wapi? Na nikamshauri amwache kwa mchinjaji mpaka siku yenyewe.

Aliyenifunza kazi, mzee mmoja aliyekuwa na kiofisi cha mlango mmoja pale Makadara, Mungu amrehemu, alikuwa na utaratibu wake. Alisema usimuuzie mtu nyumba anayokwenda kabla hujaiona nyumba anayotoka. Nenda ukanywe kahawa kwake. Tazama anakaa vipi, anaanika wapi, anakaribisha nani. Nilidhani mzee anapenda kahawa tu. Kumbe utaratibu huo ndio ulioniokoa kwa Bi. Mwanaidi, na kisa chake ndicho ninachotaka mkishike.

Bi. Mwanaidi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mjane wa Kibokoni. Nusu ya wanaume wa Mji wa Kale walijifunza alifu kwa kijiti chake. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, na ngazi zake zilisimama wima kama ukuta. Ramadhani moja akateleza, akaanguka, akavunjika nyonga. Alipopata nafuu daktari alimwambia wazi: Mama, ngazi basi. Ukianguka tena hutasimama. Wanawe wakakubaliana kumnunulia fleti ya chini kabisa katika jumba jipya kule Kizingo, penye miti na utulivu, mlango hauna hata kidaraja kimoja cha kupanda. Mimi ndiye niliyeitafuta. Nilipoiona nilisujudu, kwa jinsi ilivyomfaa!

Alipokuja ofisini nilimuuliza maswali yangu yote ya kawaida.

"Mwalimu, una mnyama?"

"Mnyama? Kwani mimi nina zizi?"

"Mbwa?"

"Astaghfirullahi."

"Paka?"

"Sina paka."

Nikafurahi. Sharti la jumba lilikuwa kali, hakuna mnyama wa aina yoyote. Tukapanga kutia sahihi Jumatatu. Muuzaji naye alishaniambia kwamba mnunuzi mwingine amekaa tayari, tukichelewa anampa yeye.

Ijumaa baada ya sala nikaenda Kibokoni kupima kitanda chake cha kale, nione kama kitapita mlango wa fleti. "Karibu, ndoo ndani, mwanangu," akaniita kutoka juu. Nikapanda zile ngazi nikimwomba Mungu. Juu nikamkuta ameketi kwenye mkeka, na mbele yake paka wa rangi ya machungwa, sikio moja limekatika, anakula kichwa cha samaki kwenye kisahani cha bluu. Anakula kama mtu aliyelipa kodi.

"Mwalimu, huyu nani?"

"Nani?"

"Huyu anayekula."

"Aa, huyu! Huyu wa mtaa. Huja asubuhi, huja adhuhuri. Nikiswali hukaa pembeni mwa msala. Usiku hulala miguuni pangu."

"Mwalimu, huyo ni paka wako."

"Si wangu. Ana Mola wake. Mimi namlisha tu."

Na wala hakunidanganya, vijana. Mtu wa Mji wa Kale hafugi paka. Paka ni wa kichochoro, ana nyumba tano za kula, hana mwenyewe. Ukimuuliza mtu wetu kama ana paka, atakwambia hana, naye ni mkweli. Swali langu ndilo lililokuwa la watu wa mahali pengine. Siku ile ile nikalitupa, nikachukua jipya ambalo nawapa leo bure: usimuulize mtu anafuga nini. Muulize, nani anakula kwako?

"Na ukihamia Kizingo?" nikamuuliza.

Akautazama mkia wa paka, akaitazama ngazi.

"Atakuja nami."

"Hawaruhusu."

"Basi siendi."

"Mwalimu, ngazi hizi zitakuua."

"Ajali iko mkononi mwa Mungu. Lakini huyu amenizoea, nami nimemzoea. Tangu marehemu aondoke, nyumba hii ina pumzi mbili tu."

Wapo waliokuwa wakinishauri: nyamaza, atie sahihi, paka ataingia taratibu, nani atamwona? Vijana, kaeni mbali na ushauri huo. Dini imetukataza kuficha kasoro ya bidhaa, na kuficha hali ya mnunuzi ni hivyo hivyo. Mnyama aliyeingia kwa siri hukaa kwa hofu, na mwenye kumfuga hukaa kwa hofu zaidi. Ombeni ruhusa kabla ya sahihi. Kabla ya sahihi wewe ni mgeni anayebembelezwa. Baada ya sahihi wewe ni mkosaji.

Nikaenda Kizingo jioni ile ile kumwona mwenyekiti wa kamati. Aliitwa Bi. Grace, Mtaita, aliyefanya kazi ya ukarani bandarini mpaka akastaafu, mama wa kanisa, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Yeye naye aliishi fleti ya chini, upande wa pili wa ua.

"Bwana Athmani, umeniletea jirani?"

"Nimekuletea jirani na swali."

"Nipe swali kwanza."

"Jirani ana paka."

Akaniongoza mpaka nyuma ya jiko lake. Pale palikuwa na kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani, kitupu, kimefagiliwa.

"Hapa alikaa Tomi, mbwa wangu. Siku moja majirani walikuja, wakasema mbwa anawaharibia tahara, hawawezi kwenda kuswali. Sikubishana nao. Nimeishi na Waislamu tangu nikiwa msichana, na mtu akiniambia hiki kinagusa ibada yangu, mimi hurudi nyuma. Nikaliandika lile sharti mimi mwenyewe, nikampeleka Tomi kwa dada yangu Changamwe. Kila Jumapili nikitoka kanisani naenda kumwona. Akiniona hulia kama mtoto." Akapangusa vumbi ambalo halikuwapo juu ya kibanda. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Mbwa wangu alitoka kwa ajili ya dini yenu. Huyo paka aingie kwa ajili ya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningeweza kumwambia kwamba kwetu paka si najisi, akinywa maji ya udhu unatawadha vivyo hivyo, na mbwa ana hukumu yake tofauti. Ni kweli yote. Lakini nilikitazama kile kibanda nikaona kwamba jibu langu ni sahihi na haki si hiyo. Nikamwambia, "Dada, umeuliza swali la haki." Nikarudi Kibokoni nikijua fleti inaponyoka.

Nilimsimulia Bi. Mwanaidi yote. Alinisikiliza huku akihesabu tasbihi yake, kisha akauliza, "Ni nani waliolalamika?"

"Wa kwanza, kwa alivyoniambia Bi. Grace, ni Bwana Salim wa ghorofa ya pili, mwenye duka la vitambaa."

"Salim yupi? Salim aliyekuwa akilala chuoni mdomo wazi?"

"Huyo huyo. Lakini sasa ana tumbo na miwani."

"Niitie teksi kesho. Na waambie wakutane."

Ee, siku hiyo! Jumamosi baada ya alasiri, wenye fleti waliketi uani kwenye viti vya plastiki, upepo wa bahari unapeperusha buibui na magauni. Bi. Mwanaidi akashuka kwenye teksi na fimbo yake na sahani ya kaimati. Bwana Salim kumwona tu, akaruka kutoka kitini, akaenda kumbusu mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia umekuwa shekhe wa tahara."

Watu wakaanza kukohoa kuficha kicheko.

"Mbwa mkavu akikugusa na nguo yako kavu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Na akiwa na maji?"

"Unaosha."

"Mara ngapi?"

"Saba, mojawapo kwa mchanga."

"Kwani Kizingo mchanga umekwisha?"

Hapo hata Bi. Grace alicheka. Lakini Salim hakuwa mtu mbaya, na alijitetea vizuri. "Mwalimu, alikuwa akifungwa chini ya ngazi pale pale tunapopita. Nashuka Ijumaa na kanzu imepigwa pasi, naye ananirukia kunisalimu, ulimi uko nje! Nitaswali na mate ya mbwa?"

"Hapo una haki, mwanangu," akasema Bi. Mwanaidi, na sauti yake ikabadilika. "Ngazi ni ya wote. Je, ulimwambia mwenzako amhamishe kutoka kwenye ngazi?"

Salim akavua miwani. "La. Nilimwambia amwondoe kabisa."

"Na mimi sikumuuliza kama kumhamisha kutatosha," akasema Bi. Grace taratibu. "Nilisikia neno ibada, nikaona haya kuuliza."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti, nami nikaona jinsi watu wema wawili walivyoumizana kwa adabu tu. Mmoja aliona aibu kueleza, mwingine akaona aibu kuuliza, na Tomi akalipa.

Bi. Mwanaidi akasimama kwa fimbo yake. "Mimi sikuja kuombea paka. Nimekuja kusema hivi: mbwa wa ulinzi dini yetu imemruhusu, akae kwa mwenyewe, asifike njia ya watu. Kama mbwa wa mama huyu harudi, mimi siingii hapa. Siwezi kulala usingizi juu ya haki ya mtu. Nitarudi kwenye ngazi zangu."

Alikuwa akisema kweli, nami nilijua ngazi zile zina maana gani. Ndipo Bwana Salim akainua mkono. "Tomi arudi. Waya wa kuzungushia ua nitaleta mimi." Na mikono ikafuata, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa yule bwana wa juu kabisa ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni. Allahu akbar, nilitamani kupiga vigelegele kama mwanamke harusini!

Tukaliandika sharti upya pale pale, na hapa ndipo panapowahusu ninyi wanunuzi. Halikusema tena "mnyama asifugwe". Lilisema mnyama gani, wa nani, anakaa wapi, nani anamsafishia, na kwamba mwenye malalamiko amwendee kwanza mwenye mnyama, amweleze kinachomsumbua, kabla ya kwenda kwa kamati. Lilisema ruhusa ikishatolewa haiondolewi bila mkutano. Ukinunua fleti leo, tafuta mambo hayo. Usipoyaona, uliza. Kisha waulize askari wa lango na anayefagia ngazi ni kisa gani kilichozaa sharti lile, kwa sababu sharti la wanyama haliandikwi hivi hivi. Ukijua kisa, unajua pa kubishia hodi.

Ilipofika zamu ya paka, Bi. Grace akashika kalamu.

"Jina lake, Mama?"

"Hana jina."

"Unamwitaje?"

"Simwiti. Huja mwenyewe."

"Lazima niandike kitu."

Akaandika "Paka wa Mwalimu", na kila mtu akaridhika isipokuwa mwalimu mwenyewe.

Jumatatu sahihi zikatiwa. Tulihama kwa mkokoteni wa hamali, kitanda cha kale kimelala juu kama mfalme, na paka ndani ya kikapu kilichofungwa kwa leso, analia kutoka Kibokoni, Ndia Kuu nzima, mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, ambako wauza vinyago waliacha wateja wao ili watucheke. Bi. Mwanaidi aliingia kwake kwa mguu wa kulia, bila kupanda kidaraja hata kimoja. Alilia. Nami nililia, lakini nilisingizia vumbi la hamali.

Na paka? Wiki haikwisha akatoweka. Jumba zima lilimtafuta. Bwana Salim aliinama chini ya magari na kanzu yake, Bi. Grace akazunguka na kisahani cha bluu. Mimi nikawaza zile ngazi, nikaenda Kibokoni. Nikamkuta mlango wa pili kutoka nyumba ya zamani, amejinyoosha kizingitini, anakula dagaa wa jirani. Hakunitazama hata kidogo.

Nilirudi Kizingo nikiwa na woga wa kumpa Mwalimu habari. Akanisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Athmani, nilikwambia siku ya kwanza kabisa kwamba sina paka. Hukuniamini!"

Miezi kadhaa baadaye nilipita kumjulia hali. Anatembea vizuri, uso umenawiri. Tukaketi nyuma ya jiko, pale ua wake unapopakana na ua wa Bi. Grace. Ng'ambo ya waya wa Bwana Salim, Tomi alikuwa amelala, pua yake imeelekea kwetu. Na chini ya waya, upande wa Mwalimu, palikuwa na bakuli kuukuu la bati, na mfupa ndani yake, na nikaona kijiko kirefu cha mti kilichotundikwa msumarini mbali na vyombo vingine.

"Sabalkheri, Mwalimu," nikamwambia. "Nani anakula kwako siku hizi?"

Akageuza uso, akatazama bahari.

"Ana Mola wake," akasema. "Mimi namlisha tu."